Kufuli Liko Upande Gani? Dirisha Katika Utunzi wa Kubuni

Imekuwa kawaida katika madarasa ya utunzi, na hata katika vikao vyetu wenyewe vya kusomeana kazi, mwandishi chipukizi akisema hana la kuandika kuambiwa hivi: nenda kakae dirishani, tazama nje nusu saa, kisha andika ulichokiona. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema. Tena umezaa matunda ya aina fulani, maana ukipekua hadithi fupi na mashairi yanayoletwa kwenye vikao hivyo utakuta madirisha chungu nzima. Mhusika anaamka, anasogeza pazia, anachungulia. Jua linachomoza. Mama mmoja anafagia uwanja. Muuza maji anapita na mkokoteni wake. Mhusika anakumbuka yaliyopita, anashusha pumzi, pazia linarudi mahali pake, na hapo ndipo hadithi inaanza, kama kweli inaanza.

Makala haya yanakusudia kuuhoji ushauri huo. Hatusemi kwamba dirisha halina nafasi katika utunzi; la hasha. Tunachosema ni kwamba dirisha linalokusudiwa na washauri wetu ni dirisha la mtu mwenye hiari. Anakaa akitaka, anaondoka akichoka, na mlango wa chumba chake hauna wa kumzuia. Katika fasihi ya mwambao wetu, na katika maisha ya watu wengi tunaoishi nao, dirisha si hilo. Ni mahali pa mtu ambaye mlango umemkatalia. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mtunzi anaona nini huko nje, hatuna budi kumwuliza kwanza: kufuli liko upande gani?

Tuanze na neno lenyewe. Dirisha limetujia kutoka Kiajemi, na huko asili yake ni neno lenye maana ya mlango mdogo. Maana hii si ya kupuuzwa. Ukisema dirisha ni jicho la nyumba, utaandika habari za kuona. Ukisema ni mlango mdogo, utalazimika kuandika habari za kupita: nani anapita, nini kinapitishwa, na kwa nini hakikupitia mlango mkubwa.

Pili, tutazame nyumba zenyewe, kwa sababu fasihi haielei angani. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilijengwa zikiupa mtaa mgongo. Kuta zake ni nene, za matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Upande wa njiani ukuta ni karibu mtupu. Mwanga na hewa huingia kupitia kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani usio na paa, na mgeni asiye wa nyumbani huishia dakani. Mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, hasa mwanamke wa ukoo mkubwa, hakuwa na dirisha la kukaa atazame watu wanaopita. Sasa ukimwambia mtu huyo kwamba uandishi huanzia dirishani, unamwambia kwamba uandishi si wake.

Na bado aliandika! Hapa ndipo ushauri wetu wa nusu saa unapoanza kupwaya. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla hajafariki. Anaanza kwa kumwita binti aje karibu na kumtaka alete wino na karatasi. Hamna mandhari ya nje hapo. Kuna chumba, mgonjwa, msichana na kalamu. Tena mwanamke huyuhuyu anamwusia binti asitoke bila ruhusa ya mume, na akitoka arudi mapema na asijifunue njiani. Wahakiki wa siku hizi wamegawanyika juu ya utenzi huu: wapo wanaouona kuwa ni mafunzo ya utii, na wapo wanaosikia ndani yake kejeli ya mama anayemfundisha mwanawe jinsi ya kuishi na mwenye nguvu. Mimi nipo karibu zaidi na hawa wa pili, lakini hilo si suala letu leo. Linalotuhusu ni kwamba utenzi maarufu kuliko tenzi zote zilizotungwa na mwanamke katika lugha yetu ulitoka katika chumba ambacho hakikumhitaji mtunzi atazame nje hata mara moja.

Upo pia mfano wa kinyume chake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anasimama mbele ya majumba ya Pate yaliyokwisha kuanguka, naye anatazama ndani akitokea nje. Mahali pa madirisha anatuonyesha vidaka. Msomaji asiyezijua nyumba hizo aelewe kwamba kidaka ni kishubaka kilichochongwa ukutani na kupambwa kwa nakshi, cha kuwekea vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Tunaweza kusema ni dirisha lisilotokea popote. Ndani ya vidaka hivyo mshairi anaona viota vya ndege. Picha hii inauma kwa sababu mahali palipokuwa pa siri kuliko pote ndani ya nyumba, ambapo mpita njia asingethubutu kupatupia jicho, sasa ndege wa porini anaingia bila hodi. Anguko la tabaka la matajiri wa Pate halikuelezwa kwa kuhesabu mali waliyopoteza. Limeelezwa kwa nyumba iliyobaki wazi, haina tena uwezo wa kumzuia mtu. Mlango umekufa, na kufuli limekufa pamoja nao.

Unguja mambo yalikuwa mengine kidogo. Katika karne ya 19 Mji Mkongwe ulijaa maghorofa yenye madirisha mengi marefu, yenye vyuma na mbao za kufungia, na baadaye roshani zilizotokeza juu ya vichochoro. Ni katika mji huo ndipo tunapata dirisha ambalo kwa maoni yangu lina maana kubwa kuliko yote katika maandishi yaliyotoka Zanzibar, ingawa kitabu chenyewe hakikuandikwa kwa Kiswahili. Nalisema hili nikijua walimu wetu wengine hawapendi tukichanganya mambo.

Kitabu hicho ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti Sayyid Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina alilolichukua baada ya kubatizwa, Emily Ruete. Kwanza tukumbuke jinsi alivyojifunza kuandika. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulihesabiwa kuwa si kazi yao. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama ubao, akanakili herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859 Barghash alipofanya njama za kumpindua ndugu yake Majid, binti huyu aliyekuwa na miaka kama 15 ndiye aliyewaandikia barua, kwa kuwa alijua kuandika. Kwa hiyo kalamu yake iliingia katika siasa kabla hajawa mtu mzima. Zile barua zilikuwa milango midogo ya nyumba iliyokuwa imezingirwa.

Halafu inakuja habari ya jirani. Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani wa kampuni ya Hansing, alipanga nyumba iliyopakana na ya Salme, na paa lake lilikuwa chini kidogo ya lile la Salme. Mwenyewe anaeleza kwamba kutoka dirisha la juu aliweza kuona karamu za wanaume ambazo jirani huyo aliziandaa. Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Agosti 1866 alitoroshwa kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, akashukia Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa hukohuko, kisha wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, mjane akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi.

Sasa msomaji atazame ufundi. Mtu angetegemea mwandishi huyu alikuze lile dirisha, atuwekee mbalamwezi, pazia la hariri na harufu ya asumini. (Wenzetu kadhaa wangefanya hivyo, tena kwa kurasa tatu.) Salme hakufanya. Ametumia kurasa na kurasa kueleza vyakula, mavazi, sikukuu na ugomvi wa ndugu, lakini habari ya dirisha na jirani inapita kwa sentensi chache mno, na ujauzito ulioharakisha safari yake hautajwi kabisa. Dirisha linafunguliwa kiasi cha kidole, kisha linafungwa. Ufinyu huo ndio nguvu ya kitabu. Tunahisi kwamba mwandishi, akiwa Ujerumani miaka 20 baadaye, bado anaandika kama mtu anayejua kwamba anaangaliwa. Kufuli la Mji Mkongwe alilibeba mpaka Ulaya.

Hapa sina budi kugusa Ulaya yenyewe, kwa sababu nadhani ndiko ulikotoka ule ushauri wa nusu saa. Mfaransa Charles Baudelaire ana kipande kifupi cha nathari ya kishairi kiitwacho Les Fenêtres, yaani Madirisha, kilichomo katika mkusanyo uliotoka mwaka 1869, miaka miwili baada ya kifo chake. Hoja yake ni ya kijanja: anayetazama dirisha lililofungwa huona mengi kuliko anayetazama kupitia dirisha lililo wazi. Anamwona kwa mbali mama mmoja maskini, aliyekwisha kuzeeka, ambaye hatoki nje kamwe. Kwa uso wake na nguo zake tu, Baudelaire anamtungia maisha mazima, analia juu ya maisha hayo, kisha anakwenda kulala akijisifu kwamba ameishi na kuteseka ndani ya nafsi ya mwingine. Na akiulizwa kama hadithi aliyoitunga ni ya kweli, anajibu kwamba haimhusu, maadamu imemsaidia yeye kuishi.

Ni kipande kizuri, sikatai. Lakini hebu tumwulize yule mama. Yeye hatoki nje kamwe, kwa nini? Ugonjwa? Deni? Mwana mlevi? Baudelaire hakuuliza, na dirisha lililofungwa likamlinda asiulize. Huu ndio udhaifu tunaourithi tunapokaa madirishani mwa mabweni yetu na kuwatungia maisha mama ntilie na mafundi viatu walio chini. Tunawafanya wateseke vizuri, kisha tunakwenda kula. Wale watu wanatuona pia, jamani. Wanajua nani anachungulia ghorofa ya pili, na mara nyingi wanamcheka.

Mwingereza Virginia Woolf alikuwa mkweli zaidi. Katika A Room of One's Own, mwaka 1929, alidai kwamba mwanamke akitaka kuandika kazi za kubuni anahitaji paundi 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Hapo fedha na kufuli vimetajwa wazi, hakuna kuficha. Ila kufuli la Woolf liko ndani, na ufunguo anao mwandishi. Analifunga ili asisumbuliwe. Mhusika wa kwetu aliye dirishani mara nyingi kafungiwa na mtu mwingine. Vyumba viwili vinaweza kufanana kwa kila kitu, vikawa na dirisha lilelile na mti uleule nje, na hadithi zisifanane hata kidogo.

Turudi nyumbani, kwenye kufuli la wazi kuliko yote, yaani la jela. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa yuko kifungoni. Kijakazi Saada humletea chakula, na walinzi hukinyang'anya kile kizuri na kumwachia mabaki. Liyongo anamwimbia Saada amwambie mama aoke mkate wa makapi na kutia tupa ndani yake, maana mkate mbovu walinzi hawautamani. Kisha unapangwa muziki wa ngoma na pembe, na chini ya kelele hizo pingu zinakatwa. Katika kisa hiki ukuta umetobolewa na wimbo. Wimbo ndio mlango mdogo: maneno yanatoka, mkate unaingia, na mlinzi anasikia kila kitu asielewe lolote. Mtu akiniuliza fumbo ni nini katika ushairi wetu, ningemwonyesha kisa hiki kabla ya kumpa fasili yoyote.

Miaka zaidi ya 50 baadaye kisa hicho kilipata ndugu yake. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Akahukumiwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alitengwa peke yake mpaka alipotoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwenye karatasi za chooni yakatolewa kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa. Diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga; sijui mtu acheke au anyamaze. Ngugi wa Thiong'o naye alipokuwa Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya kwenye karatasi za aina hiyohiyo, nasi tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani.

Lakini tutue kwenye jina la diwani ya Abdilatif: Sauti ya Dhiki. Si Macho ya Dhiki. Mfungwa hana mandhari. Alichonacho ni sauti, na mashairi yale yana mizani na vina vya kusemeka, ya mtu anayejibizana na asiyemwona. Nadhani hapa tumefika mahali ambapo uhakiki wetu haujapatazama vya kutosha. Tumezoea kusema fasihi ya Kiswahili imetokana na usimulizi, kisha tunaishia hapo. Tungekwenda mbele kidogo tungeona kwamba dirisha la fasihi hii ni la sikio kabla ya kuwa la jicho. Fikiria nyumba za vyumba sita za Kariakoo au Magomeni, zenye baraza mbele na madirisha ya mbao pembeni yake. Anayelala chumba cha mbele husikia kila kinachosemwa barazani: posa, madeni, kesi za wake na waume. Msichana hamwoni kijana wake. Anasikia kidole kikigonga mbao mara mbili usiku. Majirani hawauoni ugomvi, wanasikia nusu yake. Nusu ya pili wataitunga wenyewe kabla hakujapambazuka.

Nusu hiyo ndiyo zawadi ya kifani ambayo dirisha humpa mtunzi. Msimulizi maizi, yule anayejua kila kitu, ndiye ugonjwa wa hadithi zetu nyingi. Anajua moyo wa shangazi, anajua mawazo ya dereva, anajua hata mbwa anaota nini. Dirisha linamnyang'anya umaizi huo. Kutoka dirishani unaona mkono unaopokea bahasha lakini huoni uso. Unasikia jina likitajwa na kicheko kikifuata, hujui kwa nini. Mtunzi akikubali umaskini huo, msomaji anapata kazi ya kufanya.

Mfano bora ninaoujua ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 2022, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf ni mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake kwa tajiri Aziz. Anaanza kuingia katika bustani ya tajiri, iliyozungukwa na ukuta, na kumsaidia mzee Hamdani kazi za bustani. Anadhani yuko peke yake na miti. Kumbe katika miti hiyo kumetundikwa vioo, na kwa vioo hivyo mke wa tajiri, ambaye hatoki ndani kwa sababu ya doa la usoni, anamwona.

Hebu tukae kidogo na vioo hivyo, maana vinastahili. Dirisha la kawaida lingemlazimu bibi huyo kusogea, na akisogea ataonekana. Kioo mtini kinampa macho bila kumpa uso. Ni dirisha lililong'olewa ukutani na kupelekwa nje ya nyumba. Na kwa kuwa usimulizi umemfuata Yusuf, msomaji naye anakuwa ametembea bustanini kurasa nyingi bila kujua. Tunapoambiwa habari za vioo tunarudi nyuma na kujikagua. Wale waliozoea dirisha la Baudelaire wameletwa upande wa pili wa kioo, upande wa anayetungiwa hadithi. Bibi amejitungia kwamba kijana huyu ni mteule, kwamba dua yake itaponya doa lake. Yusuf anaingizwa ndani, na maneno ya bibi yanamfikia kwa mkalimani, kwanza Khalil kisha Amina, kwa kuwa Yusuf hajui Kiarabu. Mwisho shati lake linachanwa kutoka nyuma, na msomaji wa Surat Yusuf anajua maana yake.

Swali letu la kufuli linapata jibu gumu hapa. Bibi amefungiwa, lakini ana watumwa wa deni chini yake. Yusuf anatembea bustanini kwa uhuru, lakini yeye mwenyewe ni rehani. Amina amefungwa mara mbili. Kila mmoja ni dirisha la mwenzake, na ufunguo anao Aziz ambaye yuko safarini. Gurnah hakumfanya yeyote kati yao kuwa malaika kwa sababu tu amedhulumiwa. Hilo ni somo kwetu tunaodhani kwamba mhusika akiwekwa nyuma ya nondo basi tayari tumemaliza kazi ya kumchora.

Najua wapo watakaosema kwamba ninalitwisha dirisha mzigo wa siasa, kwamba mtu anaweza kuandika juu ya mvua inavyogonga vioo bila kutaja nani ana ufunguo. Anaweza. Ila mara nyingi shairi hilo la mvua litakuwa limeandikwa na mtu ambaye paa lake halivuji, nalo litakuwa limesahau kutuambia.

Na kama tunatafuta madirisha ya kuandikia, basi tuyafuate yanayotuzunguka sasa hivi, tuache yale ya kwenye michoro. Lugha yenyewe imetutangulia. Mashabiki wa Simba na Yanga huzungumza juu ya dirisha dogo la usajili. Wanafunzi tunasubiri dirisha la maombi ya mkopo lifunguliwe, na tunalala na simu mkononi siku ya mwisho kabla halijafungwa. Dirisha hapa limekuwa muda, muda unaomilikiwa na mtu mwingine. Hakuna ukuta, hakuna fremu, lakini kufuli lipo. Sijasoma hadithi hata moja ya Kiswahili iliyolitendea haki dirisha hili, ingawa nusu ya watu waliomo darasani mwetu wameingia kwa kupitia hilo.

Au tazama daladala la jioni Gerezani. Mlango umejaa mabega. Kijana anarusha mkoba wake ndani kupitia dirishani kushika kiti, kisha anafuata mwenyewe, miguu ikibaki hewani. Wapo akina mama waliovaa vizuri kabisa wanaofanya hivyo, na wapo wazee wanaobaki kituoni wakitazama magari matatu yakiondoka. Kwenye mabasi ya mikoani pale Chalinze, dirisha ni duka. Sinia la mayai na korosho limeinuliwa juu ya kichwa, noti inashuka, basi linaanza kuondoka kabla chenji haijapanda. Mchuuzi anakimbia. Je, anakimbia arudishe chenji, au anakimbia apewe pesa yake? Inategemea nani alitangulia kutoa mkono, na hadithi nzima imo katika mpangilio huo. Mtunzi aliyekaa kiti cha dirishani ataandika juu ya milima ya Uluguru. Sawa, milima ipo. Lakini chini ya kiwiko chake kuna mtu anakimbia.

Lipo pia dirisha la karani, lile la malipo au la dawa. Limekatwa chini, hata mtu wa kimo cha wastani huinama ili asikike, na tundu lake ni la kupitisha karatasi na vidole. Kioo kina alama za mafuta ya mapaji ya nyuso za watu. Karani akiondoka huweka kibao, au haweki. Foleni haivunjiki, kwa sababu anayetoka kwenye mstari anapoteza nafasi, na mtu wa mbele kabisa anabaki ameinama mbele ya kiti kitupu. Tayari tunazo hadithi nyingi za anayesubiri nje ya dirisha hilo. Yule wa ndani hatujamwandika: ana feni inayozunguka polepole, ana chai iliyopoa, na tangu asubuhi watu amewaona kuanzia kidevuni hadi kifuani tu, mmoja baada ya mwingine.